Maisha ya Imamu Umar al-Khayyami, Bingwa wa al-Jabr

Atajwapo Umar Khayyam, wengi hukumbuka bilauri na mtungi. Husemwa kuwa alikuwa mshairi wa Kiajemi, mpenda tembo na waridi, aliyekesha akitunga rubai na kulala mchana kutwa. Sifa hii imeenea Ulaya na Marekani, na kutoka huko imeturudia sisi katika vitabu na sinema, hata vijana wetu wameipokea bila ya kuihoji. Ama watu waliomwona kwa macho yao na kuandika habari zake, nao ni Nidhami Arudhi wa Samarkand na Dhahir al-Din al-Bayhaqi, hawakumtaja kwa shairi hata moja. Wao walimjua kwa falaki, kwa hikima na kwa hisabu, na walimwita Imamu. Basi tumetaka kueleza hapa habari za huyo waliyemjua wao, na khususan ile kazi yake ya al-jabr, ambayo leo kijana mwenye kompyuta aweza kuiona kwa macho kama uso wa bahari.

Jina lake kamili ni Ghiyath al-Din Abu al-Fath Umar bin Ibrahim al-Khayyami. Alizaliwa Naysabur, katika nchi ya Khurasani, kaskazini mashariki ya Iran ya leo, tarehe 18 Mei mwaka 1048, sawa na mwaka 439 wa Hijra. Tarehe hii haikuandikwa na mzazi wake. Al-Bayhaqi alituhifadhia jinsi nyota zilivyokaa saa ya kuzaliwa kwake, na wataalamu wa falaki wa zama zetu wakaihisabu siku kutokana na hizo. Khayyam maana yake ni mshona mahema, na yumkini hiyo ndiyo iliyokuwa kazi ya wazee wake. Naysabur wakati huo ulikuwa mji mkubwa wa ilmu na biashara, nao ulikuwa umeingia mikononi mwa Waturuki wa Saljuk tangu mwaka 1038.

Kuna kisa mashuhuri kwamba alisoma chuo kimoja na Nidham al-Mulk, aliyekuja kuwa waziri, na Hasan al-Sabbah wa ngome ya Alamut, na kwamba watatu hao waliahidiana kuwa atakayepata cheo awainue wenziwe. Kisa ni kitamu, lakini hakisimami. Nidham al-Mulk alizaliwa mwaka 1018, na mtu hasomi darasa moja na aliyemzidi miaka thelathini.

Alipokuwa kijana wa miaka kama ishirini na miwili alikwenda Samarkand, na huko Kadhi Mkuu wa mji, Abu Tahir, akampokea na kumkimu. Ni chini ya kivuli cha kadhi huyu ndipo alipoandika kitabu chake cha al-jabr wal-muqabala. Katika dibaji yake alilalamika kwa uchungu. Alisema kwamba watu wa ilmu wamebaki wachache na shida zao ni nyingi, kwamba wengi wanaojifanya wanavyuoni huchanganya haki na batili na kuitumia ilmu kwa kutafuta tonge, na kwamba mtu akishikamana na ukweli na kuacha ria, hao humcheka. Malalamiko haya yana umri wa miaka mia tisa na zaidi, na msomaji atajionea mwenyewe kama yamechakaa.

Sasa tuingie katika kitabu chenyewe, maana hapa ndipo penye utajiri.

Watu wa al-jabr waliiita namba isiyojulikana kwa jina la kitu, na kitu kikizidishwa kwa nafsi yake wakakiita mali, na mali ikizidishwa kwa kitu wakaiita kaab, yaani mchemraba. Sisi leo twaandika x, na x², na x³. Al-Khwarizmi, aliyekuwa Baghdad miaka mia mbili na zaidi kabla yake, alikwisha onyesha njia ya kutatua milinganyo isiyopita mali. Lakini yenye kaab ilikuwa imewatoa watu jasho. Baadhi yao walitatua mmoja mmoja kama ulivyowajia, wala hakuna aliyeikusanya yote. Khayyami akaikusanya. Aliipanga milinganyo yote isiyozidi kaab katika aina 25. Kati ya hizo, 11 alizitatua kwa njia za Euclid, yaani kwa rula na bikari. Zilizobaki 14 hazikubali rula na bikari, naye akazitatua kwa mikato ya koni. Koni ukiikata kwa upanga uliolala sawa na kitako chake wapata duara, ukiikata kwa kufuata mteremko wa ubavu wake wapata parabola, na ukiikata kwa wima zaidi wapata haipabola. Mikato hii ilikwisha elezwa na Apollonius, Mgiriki, na vitabu vyake vilikuwa vimetiwa Kiarabu.

Tuchukue mfano mwepesi tuufuatishe kwa njia yake. Twatafuta namba ambayo kaab yake ikijumlishwa na mara nne yake yapatikana 16. Kwa maandiko ya leo ni x³ + 4x = 16. Khayyami hubuni namba ya pili, tuiite y, ambayo haikutajwa katika swali. Kisha huchora mikondo miwili. Wa kwanza ni parabola ambayo kila penye nukta yake x² ni sawa na 2y. Wa pili ni duara lenye kipenyo cha 4, nalo kwa maandiko ya leo ni x² + y² = 4x. Mikondo hii hukutana mahali pawili. Mahali pa kwanza ni pale ilipoanzia, ambapo namba zote mbili ni sifuri, na hapo hapana faida. Mahali pa pili x ni 2 na y ni 2. Basi jawabu ni 2, na ukitaka kuhakikisha, kaab ya 2 ni 8, na mara nne yake ni 8, jumla 16.

Mtu aweza kuuliza: Kwa nini kuzunguka kote huku kwa jawabu ambalo mtoto angelikisia? Ni kwa sababu tumechagua namba nyepesi. Katika risala nyingine, aliyoiandika kabla ya hiyo, alikabiliana na mlinganyo huu: x³ + 200x = 20x² + 2000. Hapo kukisia hakufai kitu. Khayyami alichora duara na haipabola, akaipata nukta zinapokutana, kisha akatumia majedwali ya falaki kuikadiria namba yenyewe. Jawabu ni 15.44 hivi, nalo halimaliziki kwa tarakimu.

Angalia sasa jambo hili la ajabu. Kuingiza namba ya pili katika swali la namba moja ni kufungua mlango wa nyumba nyingine. Namba moja hutembea juu ya mstari tu. Namba mbili hutembea juu ya sakafu nzima, huku na huku. Na ukichukua hisabu yenye namba mbili hizo, kila mahali pa sakafu hupata jawabu lake, na jawabu hilo ukiliinua juu kama kimo, au ukilishusha chini likiwa ni pungufu ya sifuri, hupatikana uso wenye vilima na mabonde. Khayyami hakuchora nyuso hizi, na wala hakuwa na namba pungufu za sifuri, kwani watu wa zama zake hawakuzikubali kuwa ni majawabu. Lakini mikondo yake miwili ni nyayo za nyuso hizo juu ya sakafu.

Jambo hili halihitaji kuaminiwa kwa masikio. Siku hizi ziko programu za kompyuta zinazofanya al-jabr kwa herufi kama afanyavyo mwanafunzi kwa kalamu, nazo pia huchora. Mojawapo ni Maxima, ambayo hutolewa bure, na asili yake ni programu ya Macsyma iliyoanzwa katika chuo cha MIT, Marekani, mwaka 1968. Nyingine ni Maple na Mathematica, ambazo huuzwa. Mtu huiandikia hisabu yake, kwa mfano x² + y² − 4x, kisha huiambia mipaka: x ianze −1 ikome 5, na y ianze −3 ikome 3. Hapo kompyuta hutandaza juu ya sakafu hiyo kitu mfano wa wavu wa mvuvi, wenye matundu ya mraba. Penye kila fundo la wavu huhisabu kimo, huliinua au kulishusha fundo hilo mpaka kimo chake, kisha huunganisha mafundo kwa vipande vidogo vidogo, na kuvitia rangi kulingana na urefu. Ukitaka matundu 30 kila upande, wavu una matundu 900, na kazi yote humalizika kabla hujafumba jicho. Ukishika kipanya waweza kuugeuza uso huo, ukautazama kwa juu, au kwa ubavuni, au kwa chini.

Utakachokiona kwa hisabu hiyo ni bakuli. Kitako chake kipo pale x ilipo 2 na y ni sifuri, nacho kimezama 4 chini ya sakafu. Na pale bakuli linapopenya sakafu kuja juu, alama yake ni duara la Khayyami lenye kipenyo cha 4. Sasa ongeza hisabu ya pili, x² − 2y. Hii si bakuli, ni mfano wa mfereji uliolazwa kwa mteremko, ambao kina chake chazidi kadiri y inavyozidi. Pale mfereji unapopenya sakafu, alama yake ni parabola. Iambie kompyuta ichore nyuso mbili pamoja na sakafu, nawe utaona kwa macho yako bakuli na mfereji zikikutana juu ya sakafu penye nukta mbili tu, ya sifuri na ile ya jawabu. Kijana aliyechoshwa na herufi ubaoni, akioneshwa hivi, mara nyingi hufahamu kwa dakika tano kile ambacho hakukifahamu kwa muhula mzima.

Hata hivyo, picha si dalili, na katika hili Khayyami alikuwa mkali kuliko wengi wetu. Kila aina katika zile 14 aliithibitisha kwa burhani ya handasa, hatua baada ya hatua, wala hakutosheka kuonyesha kuwa mikondo inakutana katika mchoro. Alikuwa na haki. Mwenye wavu wa matundu makubwa hakamati dagaa. Vivyo hivyo, uso ukiwa na mawimbi madogo kuliko matundu ya wavu wa kompyuta, mawimbi hayo hupita yasionekane, na picha ikatoka laini ya kudanganya. Dawa yake ni kuongeza matundu, au kupunguza mipaka na kutazama kwa karibu. Na kuna nyuso ambazo hata hivyo hazionyeshi aibu yake. Chukua xy ukaigawanye kwa x² + y². Ukiijia nukta ya kati kwa kufuata mhimili, kimo ni sifuri muda wote. Ukiijia kwa mshazari, ambapo x na y ni sawa, kimo ni nusu muda wote. Ukiijia kwa mshazari wa pili, ni nusu chini ya sifuri. Basi penye nukta yenyewe hapana kimo kabisa, kwani sifuri haigawanyi. Lakini fundo la wavu lisipoangukia hapo, kompyuta itaunganisha vipande na kukuchorea uso mzima kana kwamba hapana kitu. Mwenye kujua hatadanganyika, na asiyejua ataapa kuwa ameona.

Naye Khayyami, pamoja na ukali wake, jambo moja lilimpita. Alitambua kwamba baadhi ya milinganyo ya kaab haina jawabu, na mingine ina mawili. Hakutambua kuwa yaweza kuwa matatu. Mlinganyo x³ + 11x = 6x² + 6 ni wa aina ileile ya ule wa 200 na 2000, na majawabu yake ni 1, na 2, na 3. Msomaji na ajaribu. Aliyekuja kuchunguza vizuri ni lini majawabu hupatikana na ni lini hayapatikani ni Sharaf al-Din al-Tusi, karne moja baadaye. Na jambo jingine alilikiri mwenyewe: kwamba yeye na waliomtangulia hawakupata njia ya kuitoa namba ya jawabu kwa hisabu tupu bila ya michoro, na huenda atakayekuja baada yao akaipata. Walioipata ni Wataliano, na Cardano akaichapa katika mwaka 1545, miaka mia nne na kitu baada ya yeye kufariki.

Kutoka Samarkand alipelekwa Bukhara, kwa mfalme Shams al-Mulk, ambaye yasemekana alimketisha pamoja naye juu ya kiti chake. Kisha mwaka 1074 Sultani Malikshah na waziri wake Nidham al-Mulk wakamwita Isfahan, wakampa mali ya kujenga nyumba ya kupimia nyota, yeye na wataalamu wenziwe. Kazi waliyotakiwa ni kuirekebisha kalenda ya jua, ambayo ilikuwa imepotoka, hata siku ya mwaka mpya haikuangukia tena mwanzo wa majira. Kalenda mpya ilianza tarehe 15 Machi 1079, ikaitwa Jalali kwa lakabu ya Sultani. Hii haikugusa miezi ya ibada, ambayo ni ya mwezi kama tujuavyo. Ilikuwa ni kwa ajili ya kilimo na kodi, ili mkulima asidaiwe kabla hajavuna. Wakati huohuo, mwaka 1077, aliandika kitabu juu ya mashaka yaliyomo katika misingi ya Euclid, na humo mna umbo la pande nne alilolitumia kuchunguza mistari inayokwenda sambamba, ambalo Ulaya baadaye liliitwa kwa jina la Saccheri, aliyeandika mwaka 1733.

Neema hii ilidumu miaka kumi na minane. Mwaka 1092, mwezi wa Oktoba, Nidham al-Mulk aliuawa njiani, na mwezi uliofuata Malikshah akafa. Fedha zikakatwa, na nyumba ya nyota ikafungwa. Waliokuwa wakimhusudu sasa walipata nafasi, wakaanza kuitilia shaka dini yake. Al-Qifti aeleza kwamba alipoona hatari aliuzuia ulimi wake na kalamu yake, akenda Makka kuhiji, na alipofika Baghdad watu wa ilmu zake za kale wakamjia, naye akawafungia mlango. Akarudi kwao Naysabur, akawa mtu wa kunyamaza, mgumu wa kufundisha na mchache wa kuandika. Hasara ya ukimya huo hatuwezi kuipima, lakini waliomnyamazisha hawakuacha hata ukurasa mmoja wa kuufidia.

Imamu al-Ghazali alimjia siku moja na kumwuliza swali la falaki, na Khayyami akaanza jawabu tangu mbali, akarefusha mno, mpaka adhana ya adhuhuri ikaingia, na al-Ghazali akainuka. Al-Bayhaqi naye, alipokuwa mtoto, alipelekwa na baba yake mbele ya mzee huyu, mwaka 507 wa Hijra, naye akamtahini kwa ubeti wa Kiarabu na kwa swali la handasa juu ya mikondo ya duara, na majibu yakamridhisha. Haya si makaribisho ya mlevi.

Nidhami Arudhi asimulia kwamba wakati wa baridi mwaka 508 Sultani alituma mtu Marw, Khayyami achague siku za kwenda kuwinda zisizo na theluji. Akaangalia siku mbili, akachagua. Sultani alipotoka tu, mawingu yakakusanyika na theluji ikaanza, watu wakacheka. Khayyami akamtuliza Sultani kwamba mawingu yataondoka saa hiyo na kwa siku tano hapatakuwa na unyevu, na ikawa hivyo. Msimulizi aongeza kwamba hakumwona kuwa na itikadi kubwa katika utabiri wa nyota. Kupima nyota ni ilmu, na kupiga ramli kwa nyota ni jambo jingine, naye alijua tofauti yake.

Alifariki Naysabur mwaka 1131, naye ana miaka 83. Mkwewe alisimulia kwamba alikuwa akisoma sehemu ya ilmu ya Mungu katika kitabu cha al-Shifa cha Ibn Sina, akafika mlango wa mmoja na wengi. Akatia kijiti chake cha meno cha dhahabu baina ya kurasa, akaomba waitwe watu wema apate kuusia. Akaswali, wala hakula tena wala hakunywa. Baada ya swala ya isha alisujudu, akaomba msamaha kwa Mola wake kwa kuwa alijitahidi kumjua kwa kadiri ya uwezo wake, na kujua huko ndiko wasila wake kwake. Akafa. Nidhami Arudhi alilizuru kaburi lake miaka michache baadaye, akakuta miti ya matunda imeinama juu ya ukuta wa bustani na maua yake yamelifunika kaburi. Jengo lililopo juu yake leo lilimalizwa mwaka 1963.

Kitabu chake cha al-jabr kilichapwa Paris mwaka 1851, kwa Kiarabu pamoja na tafsiri ya Kifaransa ya Woepcke. Miaka minane baadaye, mwaka 1859, Mwingereza FitzGerald akachapa London tafsiri yake ya rubai zinazonasibishwa naye, ambazo nyingi yazo wachunguzi hawana hakika kuwa ni zake. Cha kwanza kikasomwa na mahodari wachache wa hisabu, na cha pili kikasomwa na dunia.